Familia Zilizobaki Nje ya Kitabu

Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika ilitoa Tangazo Na. 279, na kabla mwaka haujaisha likafuatwa na Tangazo Na. 436. Kwa matangazo hayo sheria za mila kuhusu mahari, ndoa, talaka, ulezi wa watoto, wosia na mirathi, ambazo mpaka hapo zilikaa vinywani mwa wazee na katika majalada ya boma, ziliingia kwenye maandishi rasmi na kuwa za aina moja kwa wilaya nyingi. Kazi ilianza mwaka 1961 chini ya Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali tangu enzi za Waingereza, na wajumbe wa wilaya walikaa vikao kuangalia wapi mila zao zinakubaliana na wapi itabidi waachiane. Ilikuwa kazi kubwa, tena ya heshima. Lakini ilihusu makabila ya kuumeni peke yake, yale ambayo mtoto huhesabiwa katika ukoo wa baba. Waluguru, Wakaguru, Wazaramo, Wakwere, Wamwera, Wamakonde na Wayao, ambao kwa mila yao mtoto ni wa ukoo wa mama na mjomba ana kauli kubwa katika mambo ya wapwa zake, hawakuwamo. Watu wa kukeni hukadiriwa kuwa kama moja ya tano ya nchi nzima. Sheria yao haikupata kitabu wakati ule, na haijapata hadi leo.

Pengo hilo lina historia ndefu kuliko matangazo yenyewe. Mara nyingi husemwa kwamba shule zetu zinafundisha sura moja tu ya familia kwa sababu hakuna vitabu vinavyoeleza sura nyingine. Hoja yangu ni kinyume cha hapo. Afrika ya Mashariki, na Tanzania hasa, imekuwa na maandishi na zana nyingi za kufundishia aina za familia zake, nyingine zikiwa za kale na nyingine zikiwa katika Kiswahili safi. Kilichotokea ni kwamba kila moja ilitengewa msomaji wake: ya mwali ikabaki kwa mwali, ya bwana shauri ikabaki bomani, ya kadhi ikabaki kortini. Kitabu cha shule, ambacho ndicho pekee kilichokusudiwa watoto wa watu wote, kikaandikwa kana kwamba hizo nyingine hazipo.

Tuanze na kitabu ambacho kingeweza kuwa msingi wa kila kilichofuata. Mwaka 1903 Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki mjini Berlin, alitoa *Desturi za Wasuaheli*. Sehemu kubwa ya maelezo yake ilitoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha lugha yake. Kitabu kinamfuata mtu tangu mimba hadi kaburini: uzazi, kumlea mtoto, jando, unyago, posa, harusi, talaka, mazishi. Anayekisoma leo hukuta humo nyumba yenye wake na masuria, watoto wa wote hao, wazalia na watumwa wa shamba, kungwi wa binti na watani wanaofika msibani. Mwandishi haichagui nyumba moja na kuiita ndiyo familia yenyewe, wala haifichi dhuluma iliyokuwamo. Anaeleza bila kuzungukazunguka kwamba muungwana na mtumwa hawakuoana kwa masharti sawa. Kwangu mimi hilo ndilo jambo la thamani kuliko yote katika kitabu hicho, kwamba kinaonyesha familia nyingi ndani ya mji mmoja, na kinaonyesha pia ni nani aliyekuwa na uwezo juu ya nani.

Maisha ya Mtoro mwenyewe yalikuwa ushahidi wa pili. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke Mjerumani, na walipotaka kwenda kuishi pamoja Afrika ya Mashariki, utawala wa koloni ulimzuia mke huyo kuingia. Mtu aliyewafundisha Wajerumani jinsi watu wa pwani wanavyooana hakuruhusiwa kuishi pwani na mke wake. Alifia Berlin mwaka 1927. Kitabu nacho kikabaki ugenini, kikisomwa na wanafunzi wa lugha na maofisa waliojiandaa kuja kutawala. Tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilitoka California mwaka 1981. Mtoto wa Bagamoyo, ambaye babu zake ndio waliosimuliwa humo, hakuwahi kuwekwa kuwa msomaji wake.

Kabla ya karatasi, na pembeni mwake, zilikuwapo zana nyingine, na ni kosa kuziita ngoma tu. Kwa Wazaramo mwali aliyewekwa ndani alipewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti alichokitunza kama mtoto, na siku zilipotimia akatolewa chini ya mti wa mkole kwa mafundisho aliyopaswa kuyashika. Kwa Wachagga vijana walifundishwa kwa mregho, fimbo iliyochongwa alama, kila alama ikibeba fundisho lake kuhusu uzazi na maisha ya ukoo. Mmisionari wa Kilutheri Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, aliyaandika mafundisho hayo na kuyachapisha katika majuzuu matatu kati ya mwaka 1932 na 1938, Kichagga kikiwa sambamba na Kijerumani. Na Cory yule yule wa sheria za mila alichapisha London mwaka 1956 kitabu kuhusu sanamu za udongo zilizotumika jandoni na unyagoni sehemu mbalimbali za Tanganyika. Sanamu ilikuwa na wimbo wake, na wimbo ulikuwa na maana yake: wajibu wa mume, haki ya mke, adabu mbele ya wakwe, hatari ya zinaa. Hapo palikuwa na mwalimu aliyefuzu, mpango wa masomo unaokwenda kwa hatua, zana za kushikwa kwa mkono, na mtihani ambao mwali asiyeujibu aliaibika yeye na somo wake. Huo ndio mtaala, hata kama hakuna aliyeupiga mhuri.

Mgawanyiko wenyewe ulijengwa wakati wa Waingereza, na ulijengwa na watu wenye nia njema. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika ya Mashariki, na James Aggrey wa Gold Coast akiwa mmoja wa wajumbe wake. Taarifa yake, pamoja na sera ya elimu iliyotolewa London mwaka 1925, ilihimiza elimu ioane na mazingira ya Mwafrika, na maisha ya nyumbani yalitajwa miongoni mwa mambo makuu ya kufundishwa. Mtu angetazamia kwamba somo hilo lingeanza na nyumba zilizokuwapo. Haikuwa hivyo. Katika shule nyingi za wasichana, ambazo wakati huo zilikuwa za misheni, maarifa ya nyumbani yalimaanisha kupika, kushona, kufua, usafi na kulea mtoto mchanga, na nyumba iliyolengwa ilikuwa ile ambayo mwanafunzi alitazamiwa kuiendesha akiolewa na mwalimu au katekista: mume mmoja, mke mmoja, watoto wao. Kanisa lililomtaka mwenye wake wengi abaki na mmoja ndipo abatizwe lisingeweza kuweka nyumba yake katika kitabu cha kusomea.

Wakati huohuo boma lilikuwa likijifunza kwa bidii yale ambayo darasa lilikuwa likiyaacha. Gavana Donald Cameron, aliyetawala kuanzia 1925 hadi 1931, aliweka utawala kupitia machifu na mahakama za wenyeji, na mahakama haiwezi kuamua kesi ya shamba la kihamba bila kujua nani mrithi, wala kesi ya talaka bila kujua ng'ombe wa mahari wanarudi wangapi na watoto ni wa nani. Ndiyo maana zikaandikwa kazi kama ile ya Cory na Hartnoll kuhusu sheria za mila za Wahaya, mwaka 1945, na ile ya Cory kuhusu Wasukuma, mwaka 1953. Ni kazi zenye maelezo ya kina kuhusu nyumba za wake wengi, mjane kurithiwa, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa na mipaka ya mamlaka ya ukoo. Katika kizazi kimoja, kwa hiyo, serikali ileile ilikuwa na maarifa mawili ya familia. Moja liliandikwa kwa Kiingereza ili kuwahukumu wazazi, na jingine lilifundishwa darasani ili kuwabadilisha watoto. Aliyekuwa katikati, yaani mtoto mwenyewe, hakupewa njia ya kuyaunganisha.

Palitokea jaribio moja zuri la kuziba ufa huo, nalo halijasifiwa vya kutosha. East African Literature Bureau, iliyoanza mwaka 1948 ikiwa na makao Nairobi, ilitafuta waandishi Waafrika na kuchapa vitabu vidogo vya bei nafuu kuhusu mila, vingi kwa Kiswahili. S. J. Ntiro, anayejulikana zaidi kwa uchoraji, alitoa *Desturi za Wachagga* mwaka 1953. Sheikh Abdulla Saleh Farsy aliandika *Ada za Harusi katika Unguja*. Kabla yao Sheikh Ali bin Hemedi al-Buhriy, kadhi wa Tanga na mwana wa mtunzi wa utenzi wa vita vya Wadachi, alikuwa ameshaeleza mirathi na nikahi kwa Kiswahili ambacho hata asiyesoma fikihi angekielewa. Hapa kwa mara ya kwanza mwenye mila ndiye mwandishi, na msomaji ni jirani yake. Udhaifu wao ulikuwa mmoja, lakini ulikuwa mkubwa: kila kabila na kitabu chake. Mchagga alisoma ya Wachagga na Mwunguja akasoma ya Unguja. Hakikupatikana kitabu kilichowaweka wote ukurasa mmoja na kumuuliza mwanafunzi: kwa nini mtoto wa huku ni wa baba na wa kule ni wa mama, na hilo linabadilisha nini katika ardhi, katika ulezi, katika sauti ya mwanamke? Kenya nako mambo yalikwenda hivyohivyo. Kitabu cha Jomo Kenyatta cha mwaka 1938 kilieleza ukoo wa Kikuyu kwa ufasaha, na miaka thelathini baadaye Eugene Cotran akakusanya sheria za ndoa na mirathi za makabila mengi ya nchi, lakini alikusanya kwa ajili ya mahakimu.

Uhuru ulikuja na lugha mpya kuhusu familia. Katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962 Julius Nyerere aliifanya jamaa ya Kiafrika kuwa msingi wa siasa ya nchi, na kwa miaka mingi wanafunzi wakajifunza kwamba Mwafrika wa zamani aliishi kwa udugu, akigawana kazi na chakula. Ni fundisho lililowapa watoto heshima waliyonyimwa na shule ya mkoloni, na sitalibeza. Lakini familia hiyo ya siasa nayo ilikuwa moja. Haikuwa na suria wala mtwana, haikuwa na binti aliyenyimwa shamba, wala haikueleza kama shamba la Luguru ni la baba au la mama. Ajabu ni kwamba sheria ya nchi ilithubutu kuliko kitabu cha shule. Serikali ilitoa mapendekezo yake mwaka 1969 na kuyaacha yajadiliwe na wananchi, kisha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ikazikubali kwa pamoja ndoa za Kiislamu, za Kikristo, za kiserikali na za kimila, za mke mmoja na za wake wengi, ikamlinda mke dhidi ya kipigo, na ikawapa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili na kujulikana kama mume na mke haki ya kudhaniwa kuwa wameoana. Nayo iliacha watu nje. Kwa kuwa inaitaja ndoa kuwa muungano wa mwanamume na mwanamke, nyumba ntobhu ya Wakuria, ambamo mama asiye na mtoto wa kiume humtolea mwanamke mwenzake mahari ili apate wa kuendeleza nyumba yake, haina mahali ndani yake, ingawa watoto wa nyumba hizo wanakwenda shule kama wengine.

Wako watakaosema kwamba taifa changa lilihitaji picha moja, na kwamba kufundisha tofauti za koo na makabila kungeamsha ukabila. Pingamizi hili nalipa uzito, maana Tanzania imepata umoja ambao majirani wake wengi wameukosa, na Kiswahili pamoja na shule vina sehemu kubwa katika hilo. Lakini tuangalie umoja uliopatikana kwa njia ya kuacha. Matangazo ya 1963 yaliunganisha kuumeni na kuumeni, na kukeni wakabaki bila kuandikwa. Hakimu wa Morogoro au Mtwara anayetafuta mila yenye maandishi hukuta ya watu wengine. Huko hakukuwa kuondoa tofauti, maana tofauti ilibaki palepale na upande mmoja wake ukakosa kitabu. Isitoshe, watu wa nchi hii walikuwa na namna yao ya kufundisha tofauti bila ugomvi. Mzaramo na Mnyamwezi, au Mngoni na Mhehe waliokwisha kupigana vita vikali, wanataniana misibani kwa sababu kila mmoja anajua mila ya mwenzake kiasi cha kuichezea. Utani hauwezekani kati ya watu wasiojuana.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na anayelipuuza hastahili kusikilizwa katika jambo hili. Mila nyingi ninazozitaja ziliwaumiza wanawake. Unyago uliwatoa mabinti shuleni mapema. Katika kanuni za mirathi za 1963 mtoto wa kwanza wa kiume ndiye wa daraja la kwanza, wanaume waliosalia wako la pili, na mabinti wote ni la tatu, bila haki ya kuuza ardhi ya ukoo. Je, kuweka mila hizo kitabuni si kuzibariki? Jibu langu liko katika hukumu ya mwaka 1990, pale Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alipoamua kesi ya mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake. Jaji aliisoma kanuni ya mila, akaiweka kando ya haki za binadamu zilizokuwa zimeingia katika Katiba, akaona kwamba inambagua mwanamke, akatamka kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Dhuluma ile ilionekana na kupingwa kwa sababu ilikuwa imeandikwa na mtu aliweza kuinyooshea kidole. Ile isiyosomwa popote huendelea kimyakimya ukumbini mwa ukoo. Na upande wa pili wa jambo hili husahauliwa. Mwanafunzi anayedhani kwamba mila ya Kiafrika siku zote ilimnyima mwanamke ardhi hajapata kuelezwa kuhusu milima ya Uluguru, ambako mashamba yalipita katika ukoo wa mama na mume ndiye aliyelima kwa ridhaa ya watu wa mkewe. Maarifa hayo yanampa binti wa Kihaya silaha ya ziada, kwa kuwa yanavunja dai kwamba mambo yasingeweza kuwa vingine.

Yapo pia madai ya walimu kwamba kitabu cha mtoto lazima kiwe rahisi. Ni kweli, na somo la uraia limejitahidi kwa kutaja familia ya baba, mama na watoto, familia ya mzazi mmoja na familia pana. Tatizo ni kwamba orodha hiyo ni ya kukariri. Haimwambii mwanafunzi kwa nini aina hizo zipo, wala kwamba tafiti za kaya nchini zimeonyesha kwa miaka mingi takribani robo ya kaya zikiongozwa na wanawake. Mtoto anayelelewa na bibi, au na mama mdogo, au katika nyumba ya mke wa pili, anajiona ameandikwa kama aina iliyopungukiwa. Urahisi si hoja hapa. Kijana wa Kichagga aliyeweza kushika alama za mregho moja baada ya nyingine, na mwali aliyejibu mafumbo ya sanamu kadhaa za udongo, walikuwa na umri uleule wa wanafunzi wa darasa la saba na kidato cha kwanza.

Linabaki suala la siri, na hapa nakubali mpaka. Mafundisho ya unyagoni yalilindwa kwa kiapo na aibu, na Gutmann na Cory, kwa manufaa yote waliyotuachia, walichapisha ugenini mambo ambayo wenyewe wasingeyatamka mbele ya mtoto asiyetiwa jandoni. Nyimbo za mwali hazihitaji kuwekwa katika kitabu cha Taasisi ya Elimu. Lakini mirathi ya kukeni haijawahi kuwa siri, wala nafasi ya mjomba, wala mahari, wala ulezi wa yatima, wala utani. Hayo yanasemwa hadharani kila penye arusi na kila penye matanga, na yanaweza kukusanywa kwa namna ileile ya vikao vya 1961, safari hii wajumbe wakitoka Morogoro, Pwani, Lindi na Mtwara, na wanawake wakiwa nusu yao. Pamoja na hayo, Kiswahili cha Mtoro kipo, kimesubiri zaidi ya miaka mia moja, na kinasomeka. Kingeweza kuchapwa upya kwa ajili ya sekondari kikiwa na maelezo ya maneno ya kale na maswali ya kujadili. Atakayekihariri asiziondoe sura za watumwa na masuria kwa kuona haya, kwa sababu vitukuu wa nyumba hizo wamo darasani, nao wana haki ya kusoma walikotoka sawa na vitukuu wa waungwana.